Waache Nyuki Wafanye Shughuli Zao

Picha iliyobandikwa kwenye fomu yangu ya kugombea uenyekiti wa mtaa ina jicho moja. La pili lipo, ila siku ile lilikuwa limejifungia ndani, na mdomo wa juu ulikuwa umetangulia mbele kama mgombea mwenza. Katibu wa chama aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akanitazama, akaitazama tena.

"Mgosi, huyu ni wewe au marehemu babu yako?"

Nikamwambia abandike tu, mwisho wa kurudisha fomu ni leo saa kumi.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga, mji ambao shehe anapiga pedali na mwalimu mkuu anapiga pedali, kwa hiyo mkate haunikosi. Nilianza chini ya mwembe kule Ngamiani, sasa nina kibanda cha vipuri Makorora. Siasa sikuitafuta. Iliniingia kwa kukatwa. Mwaka 2019 nilitoa Sh 20,000 nikanunua kitambulisho cha mjasiriamali, nikaambiwa ukiwa nacho hakuna wa kukusumbua. Wiki iliyofuata alikuja wa kunisumbua, tena alikisoma kwanza. Mwaka 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Nikimtumia mama hela ya dawa Muheza, serikali nayo ilikuwa inajichukulia ya soda. Mwaka huohuo kodi ya jengo ikahamia kwenye Luku, Sh 1,000 kila mwezi, na baadaye ikawa 1,500. Mwenye nyumba amelala, anayenunua umeme ni mpangaji, anayekatwa ni mpangaji. Tukaambiwa tudaiane wenyewe kwa wenyewe. Haya, mdai mwenye nyumba wako uone utalala wapi.

Mpwa wangu mmoja akaanza kunitumia video. Kumbe Marekani kuna watu wana chama chao tangu mwaka 1971 wanaosema serikali iwe ndogo, isiingie mfukoni mwa mtu wala chumbani kwake. Na Argentina kuna bwana Javier Milei, aliyezunguka kwenye kampeni ameshika msumeno wa mnyororo, maana yake atayakata matumizi ya serikali, na mwaka 2023 wakampa nchi. Nikaipeleka habari kijiweni. Muuza kahawa akauliza kama ule msumeno huwa anaukodisha. Mzee mmoja akauliza, "Sasa serikali ikikaa pembeni, mtaro wa hapa atazibua nani?"

"Kwani sasa hivi anazibua nani?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, mpaka bao likasimama. Nikaenda nyumbani nikiwa kiongozi. Nadhani wengi huanza hivyo, kwa kicheko kimoja kilichotokea kwa bahati.

Sera yangu ilikuwa moja tu na ilienea kwenye kiganja: waache watu wafanye shughuli zao. Wakanibatiza Bwana Waache. Nilitaka kusimama peke yangu, kama mnazi wa urithi, lakini Katiba yetu haimjui mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alihangaika na jambo hilo miaka na miaka, mwaka 2013 akashinda hata kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha, na sheria ingali vilevile. Basi mpenda uhuru nikaenda kuomba kadi. Chama chetu ni kidogo. Ofisi ya kata imo ndani ya saluni ya mke wa katibu, na kikao cha kunipitisha kilifanyika huku mama mmoja anakaushwa nywele. Wakati wa kupiga kura naye alinyoosha mkono. Sijui alikuwa ananiunga mkono au anaomba apunguziwe moto.

Sasa nyuki.

Jirani yangu ni mzee mstaafu wa mashamba ya mkonge. Alipopata kiinua mgongo chake akaweka mizinga miwili ya masanduku nyuma ya ua, palepale tulipopakana. Majirani wengine wakalalamika. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye ninayetaka kumrithi kiti, akasema mizinga ihamishiwe shambani Pongwe, hapa kuna watoto. Mimi nikawaka. Niliandika barua kurasa mbili kwa mkono wangu. Kiwanja chake, mizinga yake, nyuki wake, leo mtawazuia nyuki na kesho mtazuia kuku! Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikazungumza mpaka watu wakachoka, na watu wakichoka hukubali. Mizinga ikabaki. Huo ndio ushindi pekee wa kisiasa nilionao hadi leo.

Siku ya kujitambulisha kwa wapiga kura niliamua tukutane uani kwangu. Mwenyekiti akanishauri kiungwana, "Ndugu yangu, mkusanyiko una taratibu zake, toa taarifa."

"Uani kwangu sihitaji ruhusa."

"Kwako? Si umepanga?"

Sikumjibu. Nikakodi spika kwa kijana anayepigia baikoko kwenye maharusi, lispika ambalo likinguruma, vyombo vya kabatini vinasogea. Tukaliegemeza kwenye ua wa nyuma ili lisizibe njia. Mimi nikavaa suti nyeusi ya harusi yangu, inayobana sasa. Na kwa kuwa nimeapa sigawi hela wala kanga wala fulana, maana hiyo ni rushwa, nikanunua mikungu mitatu ya ndizi mbivu kwenye soko la Mgandini. Ndizi si rushwa, ni ukarimu. Wazee wakaketi kwenye viti vya plastiki, kila mtu na ndizi yake, harufu imejaa ua mzima.

Spika, suti nyeusi, ndizi. Kumbukeni hivyo vitatu.

Nilikuwa nimefika kwenye Luku, na watu walikuwa wananisikiliza kwelikweli, maana Luku inamuuma kila mtu, nyuki mmoja akaja akatua kwenye maiki. Nikampuliza. Ile pumzi ikapita kwenye spika la baikoko ikatoka kama kimbunga: FUUUU! Ukuta ukatikisika. Kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia mngurumo mwingine, nikadhani waya umelegea. Nikasema, "Kijana, punguza hiyo kitu." Kijana wa spika hakuwepo. Alikuwa ameshafika barabarani.

Wa kwanza alinipata sikioni. Wa pili shingoni, nikampiga kofi akapondekea palepale kwenye kola, na hapo ndipo nilipojimaliza. Wazee ambao dakika mbili nyuma walikuwa wakilalamikia magoti waliruka ua. Viti vya plastiki viliondoka vichwani mwa watu kama miavuli. Mimi nikakimbilia baiskeli iliyokuwa imeegemezwa mlangoni, nikairukia, nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote. Pedali ikazunguka. Nikakanyaga tena, ikazunguka tena, na mimi nipo palepale. Ilikuwa baiskeli ya mteja na asubuhi nilikuwa nimeitoa mnyororo kwa mikono yangu mwenyewe. Nikabaki nakanyaga hewa kama mtu wa mazoezi, nyuki wananihesabu mbavu.

Nje ya ua watoto walikuwa wamejipanga wakinishangilia: "Waache! Waache nyuki wafanye shughuli zao!"

Nikaitupa baiskeli nikatimua kwa miguu. Mlango wa kwanza niliouona wazi nikaingia, nikaufunga, nikauegemea kwa mgongo. Ilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa mezani anagonga muhuri barua ya utambulisho ya binti mmoja. Hakushtuka. Alimalizia kugonga, akapuliza wino, ndipo akainua macho.

"Karibu. Una shida gani na serikali?"

Kwa haki yake, alinipa maji ya kunywa, akaziba dirisha kwa bango la chanjo, na binti alinitoa nyuki wawili waliokuwa bado ndani ya shati. Halafu akanisogezea daftari la wageni, kwa sababu kila anayeingia lazima aandikwe. Jina, anakotoka, shida yake, sahihi. Jicho moja lilikuwa limeshafumba na la pili linaelekea huko, kwa hiyo akaandika yeye kwa niaba yangu, mimi nikatia sahihi. Siku ya pili ndipo nilipoambiwa nilichosaini. Pale kwenye shida pameandikwa kwa mwandiko mzuri sana: *Anaomba hifadhi ya serikali.* Tangu hapo ule ukurasa umesomwa kwenye misiba miwili na harusi moja.

Nyumbani mama watoto alinikalisha kwenye mkeka akaanza kutoa miiba. Yeye anaamini ukiubana mwiba kwa vidole unauminyia sumu ndani, kwa hiyo akataka kitu chembamba kigumu cha kukwangulia. Akapekua pochi yangu, akatoka na kitambulisho cha mjasiriamali. Akakwangua mgongo, akakwangua shingo, akakwangua paji la uso, miiba ishirini na mitatu, anahesabu kwa sauti ili majirani wasikie. Kadi ile niliitukana miaka yote kwamba haina kazi. Niliomba tu asinikumbushe, akanikumbusha.

Jioni jirani akaja kunipa pole. Akakaa, akavua kofia, akaniuliza nilivaa nini. Nyeusi, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Nyuki hawapendi nguo nyeusi, wanaona ni mnyama amekuja kuwaibia. Hawapendi kutikiswa. Hawapendi kupuliziwa pumzi. "Na ile harufu anayoitoa nyuki akiuma, ya kuwaita wenzake waje vitani, inanukia ndizi mbivu. Wewe umewawekea mikungu mitatu!"

"Mzee wangu, lakini ni nyuki wako."

"Ni wangu, ndiyo. Uliandika mwenyewe, kurasa mbili." Akatabasamu. "Halafu hawa ni nyuki wa Tanga. Novemba 1914 Mwingereza alikuja hapa na manowari na askari kama 8,000 kutoka India, Mjerumani hana hata robo yao, na nyuki wakaingia vitani wakawatawanya watu. Sembuse wewe na spika la kukodi?"

Nikataka kumwambia kwamba hata sera yangu inasema uhuru wako unaishia pale unapomdhuru mwenzako, ndivyo wanavyosema hata wale wa Marekani, nimeisikia kwenye video. Lakini mdomo ulikuwa haufungi vizuri na herufi *p* ilikuwa imekataa kabisa kutoka.

Wakati anaondoka akatoa chupa ya asali kwenye kikapu akaiweka mezani. Asali mbichi, ya mizinga ileile, dawa nzuri ya uvimbe, akasema. Nikaguswa. Nikajiambia, ndiyo ujirani huu, hauhitaji mwenyekiti wala muhuri.

"Elfu nane," akasema.

"Mzee! Hata pole jamani? Nipunguzie."

"Bwana Waache, bei ya soko hiyo. Tuliache soko lifanye shughuli zake."

Mama watoto akachukua simu kumlipa, maana mimi vitufe vilikuwa vinanicheza. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Na ya kutolea, mwanangu, usisahau."