Chagua raba kwa mpigo unaoupiga kila siku

Swali la kwanza la mchezaji aliyenogewa na tenisi ya meza huhusu raba, lile tabaka la mpira lenye sponji chini yake linalobandikwa kwenye raketi: Ma Long, bingwa wa Olimpiki kutoka China, anatumia raba gani? Jibu linapatikana upesi, Hurricane 3 ya kampuni ya DHS kwenye forihendi, yaani upande wa kiganja, naye anakimbilia kuinunua. Kwangu mimi swali lenyewe limeanzia pabaya. Jiulize kwanza wewe unapiga mpigo gani mara nyingi zaidi katika seti nzima. Ule unaowafanya watu washangilie uweke kando.

Wengi wetu tukihesabu kwa haki tutakuta ni kupokea sevu, ule mpira wa kuanzisha, kublok, yaani kuukingia raketi mpira mkali, na kuurudisha mpira mfupi karibu na neti. Hapo ndipo raba ya kasi inapokuumbua. Sevu inakuja polepole lakini imejaa spini, yaani mzunguko wa mpira, wewe unaigusa kidogo tu, sponji inaurusha mpira juu na kuuacha umeelea katikati ya meza. Mwenzako anamaliza. Ile smashi yako kali, uliyoinunulia raba, haikupata hata nafasi ya kuonekana.

Hurricane 3 ina uso unaonata na sponji ngumu. Ibonyeze kwa kidole gumba uone inavyogoma. Ma Long anaiamsha kwa miguu, kiuno na bega, vyote kwa pamoja, na hapo inatoa spini ya kutisha. Anayepiga kwa mkono peke yake ataiona imekufa, mpira hauendi. Si kwamba raba ni mbaya. Inadai mwili ambao mchezaji huyo hajaujenga bado.

Raba za aina nyingine, kama Tenergy ya kampuni ya Butterfly, zinarusha mpira zenyewe. Tenergy ilitoka mwaka 2008, mwaka uleule zile gundi za kasi zilizokuwa zikiivimbisha sponji zilipopigwa marufuku, na nguvu iliyokuwa ikitafutwa kwenye gundi ikawa inatiwa kiwandani. Ukipenda kuloop, yaani kupiga kwa topspini, ile spini ya mbele, ukiwa hatua mbili tatu nyuma ya meza, zitakufurahisha sana. Ila raba inayokupa spini nyingi inapokea nyingi vilevile, na kila sevu usiyoisoma utailipia.

Kuhusu unene nina msimamo mkali: wengi wanacheza na sponji nene kupita uwezo wao. Sheria inaruhusu raba, sponji na gundi vifike milimita 4 kwa jumla, lakini ruhusa si amri. Sponji ya milimita 1.8 inamtosha mtu anayejenga mchezo wake. Kabla hujabadilisha jina la raba, jaribu ileile yenye sponji nyembamba zaidi.

Tena hakuna sababu ya pande mbili kufanana. Bekihendi, upande wa mgongo wa mkono, ina mzungusho mfupi wa mkono, hivyo sponji laini inasaidia mpira kuzama na kutoka bila kulazimisha. Sheria inataka upande mmoja uwe mweusi na mwingine rangi inayong'aa, kwa sababu zamani wachezaji walibandika raba mbili tofauti za rangi moja kisha wakawa wanageuza raketi mkononi, mpinzani asijue kilichompiga.

Hapo naingia kwenye raba za vipele, zile zenye vinundu vilivyotokeza usoni, na hapa nina la kusema. Kuna watu wanaziita raba za ujanja. Siafiki hata kidogo. Vipele vifupi vinamfaa anayesimama karibu na meza na kupiga mpira moja kwa moja bila spini nyingi, mapema, kama Mima Ito wa Japani kwenye bekihendi yake. Vipele virefu vinajikunja mpira unapogusa, havishiki, kwa hiyo topspini ya mpinzani inamrudia ikiwa imegeuka spini ya chini. Joo Se-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali ya dunia mwaka 2003 akichopu, yaani akiukata mpira kwa spini ya chini, kwa raba hizo bekihendi, mbali na meza. Ni Xia Lian wa Luxembourg anazitumia karibu kabisa na meza, na alicheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 61. Wote wawili wanaisoma spini kuliko wanaowalalamikia. Sharti langu ni moja tu: mtoto anayeanza asipewe vipele virefu kabla hajajua kutengeneza spini yake mwenyewe.

Ukiamua kubadilisha, badilisha upande mmoja, ubao wa raketi ubaki uleule, na ucheze wiki kadhaa kabla ya kutoa hukumu. Halafu itazame kwanza raba uliyonayo chini ya taa. Kama ile sehemu mpira unapogonga imepauka, na haishiki tena hata baada ya kuisafisha kwa maji, imechoka tu. Nunua nyingine ya aina ileile kabla hujaanza kutafuta mpya.