Shorili ya Mhuishaji Ipunguzwe Kabla ya Kupambwa

Kijana anayetafuta kazi ya uhuishaji (utengenezaji wa katuni) leo, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, haanzi kuulizwa cheti alichopata wala chuo alichosomea, bali huombwa atume shorili, yaani ile video fupi inayokusanya vipande vya kazi zake bora. Kwa kuwa mara kwa mara huwa natumiwa video hizo na kuombwa niseme nani aitwe kwenye usaili, nimejijengea maoni kuhusu namna zinavyoandaliwa, nayo ni kwamba vijana wetu wengi hutumia nguvu nyingi kuzipamba na nguvu kidogo mno kuzipunguza.

Dakika moja inatosha, na dakika moja na nusu iwe ndiyo mwisho. Anayeitazama ana nyingine nyingi zinazomsubiri, mara nyingi ameshazima sauti, na kidole chake kiko tayari kusogeza mbele. Kipande kilicho bora kuliko vyote kikae mwanzoni kabisa, kwa sababu kile kilichohifadhiwa mpaka mwisho ili video ifunge kwa kishindo huenda kisionwe na mtu. Ndiyo maana jina linalozunguka, kung'aa na kupasuka cheche kwa sekunde kumi hunichosha kabla sijaona kazi yenyewe. Jina, kazi unayoomba, barua pepe na namba ya simu vionekane kwa maandishi tulivu kwa sekunde mbili tatu mwanzoni, kisha tena mwishoni. Najua kukata kunauma. Kwa kiwango cha fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, sekunde 10 ni fremu 240, na anayeanza anaweza kuzihangaikia wiki nzima, lakini mtazamaji haioni hiyo wiki, anauona mguu unaoteleza sakafuni. Kipande kimoja kibovu kikiachwa ndani humfanya ajiulize kama mwenye kazi anaujua ubovu wenyewe, na swali hilo likishaingia kichwani mwake, hata vile vizuri huanza kutiliwa shaka.

Kuhusu kinachopaswa kuonyeshwa, mpira unaodunda na mhusika anayetembea pale pale bila kusogea ni mazoezi ya lazima ambayo kila mwanafunzi huyafanya, na kwa sababu hiyo hiyo hayamtofautishi mtu na mwenzake. Ukishaweza kumhuisha mhusika mzima, uache mpira darasani. Wengi hukimbilia mapigano ya panga, majoka na maroboti yanayoruka kutoka ghorofa moja hadi jingine. Tatizo la mapigano ni kwamba kasi yake huficha udhaifu: hakuna mahali mwili unapotulia tuone kama una uzito.

Mimi ningetoa majoka yote kwa kipande kimoja cha mama anayejitwika ndoo ya lita 20. Kabla hajaishika, miguu hupanuka na magoti hukunjika. Akiishika, mikono hunyooka kwanza na mabega kuvutwa chini, na ndoo yenyewe huchelewa fremu kadhaa kabla ya kuachana na ardhi, kwa kuwa ni kilo 20 za maji na haziinuki kwa sababu tu mkono umeamua. Hupumzishwa pajani kidogo, hapo ndipo nguvu ya pili hukusanywa, kisha mwili wote husukuma kwa pamoja mpaka ndoo ikae juu ya kata. Baada ya hapo shingo hukaza, macho hutazama mbele, hatua ya kwanza huwa fupi, na kiuno hufanya kazi yote ya kuyumba ili kichwa kisiyumbe. Mhuishaji wa London anayetaka kuonyesha jambo hili itambidi atafute video. Wewe unaliona bombani kila asubuhi, na unaweza kujirekodi kwa simu ukilifanya mwenyewe, ukahesabu fremu. Wala soko la mambo ya kwetu si la kufikirika: Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi 10 uliotoka kwenye Disney+ mwaka 2023, uliongozwa na waongozaji wa Kiafrika, wakiwemo wa Kenya na Uganda.

Nasema vivyo hivyo kuhusu mazungumzo. Vijana wengi hupakua sauti ya mwigizaji wa Marekani na kumfanya mhusika aitamke, wakiamini kwamba mwajiri wa nje hataelewa Kiswahili. Hahitaji kukielewa, anatazama macho, pumzi na mabega, na maandishi mafupi ya tafsiri chini ya picha yatamtosha. Kwa mwajiri wa hapa, kipande cha Kiswahili ni mtihani mkali zaidi ya unavyodhaniwa. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, hivyo anayefuata kila silabi humfanya mhusika apigepige mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Chukua sentensi "Mama amempa mbuzi majani": midomo hufungana mara sita, na kufungana huko ndiko jicho la mtazamaji hukutafuta, ilhali irabu za katikati zinaweza kuunganishwa na kulainishwa bila mtu kugundua. Aliyelijua hilo nitamwita usaili hata kama michoro yake ni ya kawaida.

Lipo jambo ambalo ushauri mwingi wa mtandaoni, ulioandikwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani, haulitatui. Studio kubwa za huko hugawa kazi: mmoja hujenga umbo la mhusika, mwingine humwekea mifupa ya kumwendeshea, mwingine humhuisha, mwingine hupanga taa, kwa hiyo mwombaji huambiwa aonyeshe fani moja tu. Studio zetu nyingi ni za watu wachache, na anayeajiriwa Jumatatu kama mhuishaji anaweza kukutwa Ijumaa akichora mandhari na kusafisha sauti za tangazo la sabuni. Kuchanganya waajiri hao wawili katika video moja huwakosa wote. Shauri langu ni kutengeneza mbili: moja ya uhuishaji mtupu kwa wanaogawa kazi, nyingine yenye michoro, mandhari na matangazo kwa wanaotaka mtu wa mambo yote. Hata hiyo ya pili ielekezwe. Anayetamani kufanya kazi kama za Ubongo, shirika la Dar es Salaam ambalo kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa mwaka 2014, aonyeshe wahusika bapa wa 2D wanaofundisha na kuimba, asitume gari la 3D linalong'aa.

Pia useme ulichofanya. Vipindi kama Tinga Tinga Tales, kilichotengenezwa Nairobi na Homeboyz kwa kushirikiana na Tiger Aspect ya Uingereza na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, hupita mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo kuweka kipande cha kazi ya pamoja bila maelezo ni kudai kazi ya wengine. Mstari mdogo pembeni unatosha: "Nimemhuisha tumbili, mandhari si yangu." Ukitumia mhusika wa bure uliyempakua, mtaje aliyemtengeneza, na kazi iliyofungwa na mkataba wa usiri isiingizwe mpaka itoke hadharani.

Programu uliyotumia haina uzito mkubwa hivyo. Flow, filamu ya Latvia iliyopata Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, ambayo ni ya bure kwa yeyote mwenye kompyuta inayoiweza. Video iwekwe mahali inapofunguka kwa kiungo kimoja bila kuomba ruhusa, maana maombi ya ruhusa hujibiwa baada ya siku mbili na nafasi imeshapata mtu. Isiwe faili kubwa la kumalizia bando la mtu kwenye WhatsApp.

Shorili ikipendwa, studio inaweza kukupa jaribio. Sekunde tano za mhusika wao ni ombi la haki, kwa sababu wanataka kujua kama unaweza kufuata mtindo usio wako. Wakiomba tangazo zima la sekunde 30, lenye nembo ya mteja na tarehe ya kurushwa hewani, hilo si jaribio tena, na unayo haki ya kuuliza malipo yake ni kiasi gani kabla hujafungua programu.