Alama za Mrejesho: Apewe Anayekosoa au Anayekosolewa?

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kufundishwa nchini Uganda mwaka 2020, tathmini endelevu huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho wa kidato cha nne, na asilimia 80 hubaki kwa mtihani wa UNEB, yaani baraza la taifa la mitihani. Ndani ya tathmini hiyo, baadhi yetu walimu huwapa wanafunzi insha za wenzao wazisome na kuzitolea maoni. Je, namna wanavyoyatoa na kuyatumia maoni hayo ipewe alama?

Wanaotaka alama wana hoja nzito: mwanafunzi aliyelelewa na mitihani ataandika tu "kazi nzuri, ongeza bidii" ikiwa jitihada yake haihesabiwi popote. Wanaopinga hujibu kwamba alama huzaa maigizo, marafiki wakasifiana, na mwalimu wa wanafunzi themanini hapati muda wa kusoma insha pamoja na maoni yake.

Naona pande zote mbili zinamkazia macho anayetoa maoni, ilhali shida kubwa iko kwa anayeyapokea. Katika darasa langu la Kiswahili, mwanafunzi aliyekulia Arua, ambako lugha hii husikika sokoni, aliiona "kitabu changu" katika insha ya mwenzake akaibadilisha kuwa "kitabu yangu". Alifanya hivyo kwa nia njema, kwani ndivyo alivyozoea kusikia. Na mwenzake, msemaji wa Luganda aliyekikuta Kiswahili darasani, akafuta lililo sahihi bila kuuliza. (Ajabu ni kwamba kwao husemwa "ekitabo kyange", na upatanisho huohuo ungemwokoa.)

Tukipima utii, huyo aliyefuta angepata alama zote. Kwa hiyo ningetoa alama chache kwa mistari miwili mitatu ambayo mwenye insha anaandika chini yake: ushauri upi ameukubali, upi ameukataa, na kwa nini. Mkosoaji naye atabanwa, maana neno lisilo na sababu ni jepesi kukataliwa. Kuhusu muda, insha moja kwa muhula inatosha. Urafiki ndio mgumu zaidi, hasa katika shule za bweni ambako mkosoaji hulala kitanda cha juu na mkosolewa cha chini; huko ningetumia namba badala ya majina, ingawa mwandiko humfichua mtu upesi.