Kabla Muuguzi Hajaandika Barua

Mwaka juzi mama yangu alilazwa kwa siku tisa katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, katika wodi yenye wagonjwa zaidi ya thelathini ambayo usiku iliachwa mikononi mwa muuguzi mmoja na mwanafunzi wa mazoezi. Usiku mmoja dawa yake ya saa sita ilifika saa nane. Muuguzi aliinama kitandani akasema, "Nisamehe mama, nilikuwa kwa bibi wa pale dirishani." Bibi huyo alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Tuliporudi kliniki miezi minne baadaye, dada yule alikuwa ameacha kazi, na niliyemuuliza alinijibu kwa kifupi kwamba hakuwa na wito.

Jibu hilo liliniuma. Naamini kilichomwondoa ni kuijua kazi yake vizuri huku hana nafasi ya kuifanya: anajua kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, anajua vidonda visiposafishwa hufika wapi, kisha asubuhi anakabidhi zamu wakati nusu ya hayo hayakufanyika, na jioni anarudi kuanza upya.

Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wauguzi zaidi ya 10,000 katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi huyo kuchoka kupita kiasi, na la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Nao walikuwa wakipima tofauti kati ya wagonjwa wanne na wanane kwa muuguzi mmoja.

Mshahara una uzito wake, hasa kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba Mbagala na nauli ya kila siku. Lakini hospitali nyingi humuuliza muuguzi sababu akiwa tayari ameshika barua ya kuacha kazi mkononi, wakati kitabu cha kukabidhi zamu kipo mezani kila asubuhi. Natamani kiwe na mstari mmoja zaidi, unaouliza ni huduma gani haikuwezekana kutolewa na kwa nini, na muuguzi mkuu awe na wajibu wa kuujibu ndani ya wiki. Katika wodi aliyolazwa mama, kurasa hizo zingekuwa zimejaa miezi mingi kabla dada yule hajaondoka.