Bendiso ya kasti haifai kuenda skrapu

Inaniuma sana nikipita Kibuye hapa Kisumu nione bendiso ya zamani, yaani msumeno wa mashine wa kupasua mbao wenye bledi ndefu ya mviringo, zile za kasti (chuma cha kutupwa) nzito zilitoka Uingereza, iko kwa mzani wa skrapu inauzwa kwa kilo, eti mwenyewe amenunua mpya ya bati. Jameni, huo uzito ndio mali yenyewe! Kasti inameza mtetemo, bledi inatulia, na ukipasua mvule mgumu ndio utajua tofauti, ile ya bati inatetemeka mpaka mstari unapinda.

Na watu wanaogopa kuifufua bure. Bendiso ni magurudumu mawili, bledi, mota na vishikizi vya kuongoza bledi (guide), basi. Beringi za nyingi zinauzwa kwa namba, ukikuta 6205 imekufa unaenda dukani unaitisha 6205 unapewa, shimo milimita 25, nje 52, haijalishi mashine ni ya mwaka gani.

Mimi cha kwanza huwa naangalia magurudumu. Toa bledi, ning'iniza gurudumu, ligonge polepole na nyundo ndogo. Likilia kama kengele liko sawa, sauti ikikufa haraka shuku ufa, na gurudumu la ufa usikubali mtu akuchomelee, tafuta lingine. Halafu raba, ile inavalishwa ukingo wa gurudumu bledi ikalie. Kwa mashine nyingi hiyo raba imeinuka kidogo katikati, na ndio inafanya bledi ikae katikati isihame, kwa hivyo ikilika ikawa bapa utakaza na kulegeza siku nzima na bledi bado inatoka. Kuna wenye huvalisha tyubu ya baiskeli, sawa, inasukuma siku, lakini heri raba mpya igandishwe vizuri na gundi kisha isawazishwe na msasa pole pole mpaka ile mgongo irudi.

Meza ni mafuta taa na msasa laini, mkono tu. Tafadhali usiguze meza na grainda, ule usawa wa kiwandani ukishauharibu kuurudisha ni gharama.

Sasa mota, na hapa ndio naomba watu wawe makini. Nyingi zilikuja na mota ya fezi tatu na wewe kwa karakana uko na singo fezi, umeme wa kawaida wa nyumbani, so unabadilisha. Soma kibao cha mota kwanza! Kama ya zamani ilikuwa mizunguko 1440 kwa dakika na umefunga ya 2880 na puli (magurudumu ya mkanda) zilezile, spidi imekuwa mara mbili. Gurudumu la sentimita 60 likizunguka mara 700 kwa dakika, bledi inakimbia kama mita 1,320 kwa dakika, hiyo ni spidi poa ya mbao. Mara mbili ya hiyo unaweza kupasua gurudumu, na kasti ikipasuka ikizunguka inaua mtu. Fundi akikwambia hiyo itakata haraka zaidi, mkatalie, mwambie achonge puli ya mota iwe nusu ya ile ya kwanza ndio muwashe.