Newala hatuna ng'ombe wengi, lakini mabibo tunayo

Bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi na taka zinazooza, ikitajwa, wa kwanza kufikiriwa ni mfugaji: awe na ng'ombe, zizi, na maji ya kukorogea kinyesi. Sisi wa uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, tunaachwa nje. Newala na Tandahimba ng'ombe ni wachache, na kiangazi ndoo ya maji inanunuliwa. Basi watu wanasema haituhusu. Mimi nasema inatuhusu sana.

Nenda kwenye mikorosho mwezi Novemba. Korosho inachukuliwa, bibo, tunda lake lenye maji, linabaki. Machache yatakamuliwa, mengine yataanikwa yawe kochoko, mengi yataoza palepale chini ya mti. Bibo moja huizidi korosho yake kwa uzito mara kadhaa, na zaidi ya asilimia 80 ya uzito huo ni maji. Yaani maji tunayoyalilia yamo kwenye taka tunayoikanyaga! Ongeza maganda ya muhogo, ongeza majani ya kabichi yanayotupwa sokoni.

Ugumu upo, niliushuhudia. Ndugu yangu alijaza pipa mabibo peke yake siku moja, akalifunga ili apate gesi. Wiki tatu baadaye lilitoa harufu kali, na gesi yake ikagoma kuwaka. Aliamini ametapeliwa. Kumbe bakteria wa mwanzo huvunja sukari upesi na kutoa asidi, ilhali wale watengenezao methani, gesi yenyewe inayowaka, huenda taratibu na hawaivumilii asidi ikizidi. Walielemewa.

Alipaswa kuanza na madebe machache ya kinyesi cha ng'ombe, hata kutoka machinjioni, angoje gesi iwake, ndipo alishe mabibo yaliyopondwa, kidogo kidogo kila siku. Tope la ndani ya pipa likianza kuchachuka, apunguze chakula na kutia chokaa kidogo. Maganda mabichi ya muhogo nayo yawekwe kwa kiasi, maana yana sianidi.

Huko Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yaligeuzwa gesi ya kufua umeme tangu 2008, bila kutegemea zizi la mtu. Kwetu Mtwara gesi asilia ya Mnazi Bay inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, na mama zetu bado wanapuliza kuni.

Mtambo wa kwanza wa mfano ningependa ujengwe jirani na ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ambako mkulima anafika na gunia lake kila msimu. Aone moto wa bluu ukichemsha chai, kisha aonyeshwe kwa mikono yake kiasi cha kulisha, na aondoke na ndoo ya tope la mbolea kwa ajili ya mchicha wake.