Nimehama mkaa, lakini gesi siyo iliyoniokolea hela

Rafiki yangu tuliyesoma naye, sasa yuko Uingereza, aliniambia kwenye simu kwamba amehama kampuni ya umeme. Nikamuuliza, kwa hiyo mafundi wamekuja kung'oa nguzo? Alicheka sana. Kule waya ni zile zile na mita ni ile ile, kinachobadilika ni nani anakuletea bili. Sisi huku Tanzania ukigombana na TANESCO, shirika la umeme, ukishamaliza kugombana unarudi kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwao hao hao. Kuhama kwetu ni kwa jikoni: unatoka kwenye mkaa unakwenda kwenye gesi, au unatoka kwenye gesi unakwenda kwenye umeme. Na kila mwenye mtungi atakuapia kwamba gesi ni nafuu.

Na mimi nilikuwa naapa hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kuandika. Daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa, kalamu imefungwa kwa uzi, linaning'inia kwenye msumari karibu na friji. Kila hela ya kupikia inaandikwa humo. Tuko watano, Tabata, na mama mkwe anakuwa wa sita akishuka kutoka Handeni.

Mwezi wa mkaa mtupu ulinila 63,500. Makopo 42 ya 1,500, na 500 ya mafuta ya taa ya kuwashia. Hakuna siku hata moja niliyoona nimetoa hela nyingi. Kopo asubuhi, na jingine jioni kama kuna maharage. Mkaa ndivyo ulivyo, unakuchuna taratibu. Gunia lingenipunguzia, lakini gunia linataka hela ya mkupuo, na linataka pa kuliweka mvua isilifikie. Kwenye nyumba zetu hizi pa kuliweka ni wapi, sebuleni?

Basi nikahama. Mtungi wa kilo 15, jiko la pleti mbili, mpira na regyuleta: 190,000, hela ya mchezo wa kijumbe iliyokuwa na kazi nyingine. Mtungi niliojaza kwa 58,000 ulikaa siku 38, sawa na kama 45,800 kwa mwezi. Hapo ndipo watu wengi huacha kuhesabu, wanasema umeona, nimeokoa karibu 18,000. Mimi daftari lilikuwa na ukurasa wa pili. Mkaa ulikuwa bado upo! Makopo 14, 21,000. Jumla 66,800. Nimehama, nimenunua vyombo vipya, na natumia 3,300 zaidi ya nilipokuwa na jiko la mkaa na pua nyeusi.

Sababu ni maharage. Wali unaiva, unazima. Chai vivyo hivyo. Lakini nani ana moyo wa kuwasha gesi kwa muda wa saa tatu kwa ajili ya maharage, huku anaisikia inavyovuma? Kwa hiyo maharage, makande na kongoro vilibaki kwenye mkaa, na hivyo ndivyo vinavyokula moto wa nyumba. Nilichohamisha ni yale mapishi mepesi, mzigo wenyewe niliuacha pale pale.

Halafu kuna hili la mtungi wenyewe. Wengi tunadhani gesi ya mtungi ni ile yetu ya Songo Songo na Mtwara, kwa hiyo siku moja itashuka bei. Ile ni gesi asilia. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kuendesha mitambo ya umeme pale Ubungo mwaka 2004, na inasafiri kwa bomba. Nyumba zinazoipikia bado ni chache. Ya mtungi inakuja kwa meli na inalipiwa kwa dola, kwa hiyo dola ikikohoa, mtungi unapata mafua.

Na upime. Nawaombeni mpime. Kuna duka moja nilikuwa nachukua mtungi mdogo wa kilo 6, ule wa akiba, mwaka mzima bila kuuliza. Siku moja nikamwambia kijana, weka kwenye mizani. Akaanza kutafuta betri ya mizani, akatafuta mpaka akachoka, mimi nimekaa kwenye kreti la soda namsubiri. Uzito mtupu umeandikwa kwenye shingo ya mtungi: 7.1. Mizani ikasoma 12.6. Toa mwenyewe. Nusu kilo haipo, na kilo moja kwa bei ya mtungi ule wa 24,000 ni 4,000, kwa hiyo 2,000 yangu ilikuwa imebaki dukani. Kijana akasema, "Dada, hiyo ni gesi inapumua." Nikahama duka. Huo ndio uhamaji pekee katika makala hii ulioniokolea hela siku ile ile.

Kilichogeuza hesabu ni presha kuka ya umeme. Nilisita, kwa sababu tumelelewa tukiogopa umeme jikoni. Jiko la koili lilikuwa linasemwa kama ugonjwa: fulani ana jiko la koili, ndiyo maana LUKU haikai. Nikanunua kwa 160,000 na sikumwambia mtu wiki nzima.

Jumamosi moja nikazima friji, taa, televisheni, kila kitu, watoto wakalalamika. Nikasoma uniti zilizobaki kwenye mita: 31.62. Nusu kilo ya maharage iliyolowekwa usiku, maji, kitunguu, nikafunga. Ilipolia nikasoma tena: 31.17. Uniti 0.45. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti ni 292, ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini 3 na ya EWURA, wadhibiti wa nishati, 1, inafika 356. Ndiyo maana 10,000 inakupa uniti 28 na ushee, kama siyo manunuzi ya kwanza ya mwezi, yale ya kukatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Basi maharage yangu yaliiva kwa shilingi 160. Kwa mkaa, maharage hayo hayo yalikuwa yanamaliza kopo zima la 1,500.

Nilirudia kusoma mita mara tatu wiki ile. Sikuamini.

Hesabu ya sasa ni hii: mtungi mkubwa unakaa siku 58, ambayo ni 30,000 kwa mwezi. Umeme umepanda kwa uniti 18, kama 6,400. Mkaa makopo matatu, 4,500, kwa ajili ya samaki, kwa sababu mama mkwe anasema samaki wa gesi ni mgonjwa wa hospitali, na kwa samaki simbishii. Jumla 40,900. Naokoa 22,600 kila mwezi. Vyombo vyote vilinigharimu 350,000, kwa hiyo vitajilipa baada ya miezi 15 na nusu, regyuleta isipoharibika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuhama kunaokoa hela, nami namuuliza: maharage yako yanapikwa wapi? Ndiyo maana nasikia mashaka nikiona mitungi inagawiwa jukwaani. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mimi nalitaka lengo hilo, misitu ya Handeni inalitaka zaidi. Lakini mtungi wa bure ukiisha unahitaji 24,000 kwa mara moja, kwa mtu anayeishi kwa kopo la siku. Nimeuona mmoja umewekewa kitambaa, juu yake redio.

Umeme nao una mtego wake, na huu ndio unaoniudhi kuliko yote. Mama jirani yangu, mjane, yuko tarifu 4, ile ya watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi kila moja ni shilingi 122, kodi ikiwa ndani. Yeye hutumia kama 60, analipa 7,320. Akiongeza zile 18 zangu za kupikia anafika 78. Akizoea kuvuka 75, anahamishiwa tarifu 1, ile ya kawaida, na uniti zote 78 ni kwa 356: 27,768. Yaani uniti 18 za kupikia zimempandishia zaidi ya 20,000. Mwenye kipato kidogo ndiye anayeadhibiwa kwa kuacha mkaa. Kwa nini kusiwe na kiwango cha uniti cha kupikia, hata 100, kwa watu wa tarifu 4? Sijasikia jibu linaloniingia akilini. Na wapangaji wanaochangia LUKU moja wao hata hawafiki huko. Ukionekana na jiko la umeme chumbani ni kikao cha nyumba nzima.

Nilimweleza mama jirani hesabu yote, na daftari nikamfungulia. Akatazama namba za tarifu, akanirudishia. "Mwanangu, mimi niache na mkaa wangu."

Lakini Jumamosi iliyofuata alituma mjukuu na bakuli la maharage yaliyolowekwa, limefunikwa sahani. Nikayapika, nikayarudisha bado ya moto. Tangu hapo kila Jumamosi bakuli linakuja, na chini ya sahani kuna sarafu mbili za mia. Nilizikataa mara ya kwanza, akanuna. Sasa naziandika kwenye daftari.